Harusi Chini ya Mkuyu

Mwaka juzi binti wa kaka yetu alichumbiwa, na ukoo ukaitwa kikao. Tulipofika tulikuta daftari limekwisha kufunguliwa juu ya meza, mwenyekiti wa kamati amekwisha kuteuliwa, na mhazini amekwisha kupiga mistari ya safu tatu: jina, ahadi, kilichotolewa. Kilichokuwa hakijaulizwa ni maoni ya bibi harusi mwenyewe. Alipoomba ruhusa ya kusema, akasimama kwa adabu, akaeleza kwamba yeye na mchumba wake hawataki ukumbi. Wangependa ndoa ifungwe bomani siku ya Ijumaa, kisha watu wa jamii zote mbili waende kupiga kambi kwa siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, na sherehe ifanyike huko penye miti mikubwa.

Kikao kilizizima. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu sana, akasema huo ni Uzungu mtupu. Shangazi mmoja akasema hiyo itakuwa harusi ya wakimbizi, maana ni nani aliyewahi kumwoza mwanawe hemani? Wa tatu akauliza tutawaambia nini watu waliotuchangisha miaka yote hii. Swali hilo la tatu ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote, nasi tutalirudia.

Makala haya yanawajibu wakubwa wale, pamoja na wengi wanaofikiri kama wao. Tunadai kwamba harusi ile, iliyofanywa hatimaye kama binti alivyotaka, ilikuwa ya Kitanzania kuliko harusi nyingi za ukumbini tulizopata kuhudhuria katika umri wetu wa utumishi, nazo si chache.

Tuanze na huo ukumbi, kwa kuwa ndio unaodaiwa kuwa utamaduni wetu. Gauni jeupe lenye mkia mrefu lilitoka wapi? Keki ya ghorofa tatu ilipikwa na bibi yupi wa Kimeru, wa Kizaramo au wa Kinyamwezi? Ile chupa inayotikiswa na kufyatuliwa kizibo, huku mshereheshaji akihesabu kinyumenyume kwa Kiingereza, ni mila ya kabila gani? Msafara wa magari yaliyofungwa utepe, unaozunguka mji ukipiga honi hadi mafuta ya kuazima yaishe, tuliurithi kwa nani? Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotoka kwa wazee wetu. Vyote vililetwa, tukavipokea bila kuviuliza vimetoka wapi, na sasa vimekaa kwetu muda mrefu hata tunaviita mila, na yule anayevikataa ndiye tunayemwita Mzungu. Hiyo ndiyo kasumba. Kasumba haina haja ya kumlazimisha mtu. Humfanya ailinde mwenyewe.

Wanafunzi wanaosoma kurasa hizi wanajua kwamba mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge katika siku za mwanzo za Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba tulifundishwa kucheza ngoma za Kizungu tukasahau za kwetu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Watu wetu hupenda kuikumbuka nusu moja tu ya mawazo hayo, kila mmoja nusu inayomfaa. Sisi tunazichukua zote mbili.

Sasa tuje kwenye mchango. Hapa lazima tuseme kwa uangalifu, kwa sababu kuchangiana ni jambo jema na la kale. Zamani jirani alileta debe la mahindi, mwingine akaleta kuku, mwingine hakuwa na kitu akaleta mikono yake, akachota maji na kupasua kuni tangu alfajiri. Wote watatu walikula chungu kimoja. Mchango wa siku hizi umegeuka tikiti. Aliyetoa kiasi fulani hupewa kadi ya mtu mmoja, aliyetoa zaidi hupewa ya watu wawili, na asiyetoa hapewi kitu, hata kama ndiye aliyembeba bibi harusi mgongoni. Tumeshuhudia kwa macho yetu mama mmoja, mlezi wa bwana harusi tangu alipoachishwa ziwa, akizuiwa mlangoni na kijana mwenye suti kwa kuwa jina lake halikuwamo katika orodha. Alikaa nje kwenye ukingo wa maua na kanga zake mbili, akisikiliza muziki ukutani. Ndani, watu waliokuwa hawajui hata jina la ukoo wa bwana harusi walikuwa wakila kuku.

Walimu wanalielewa jambo hili kuliko sisi. Tunamfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepokea kadi saba za mchango katika mwezi mmoja. Hakuweza kukataa, kwa sababu mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alichangiwa. Alikopa, akatoa, na mkopo ule akaulipa kwa mwaka mzima. Hilo ndilo swali la yule mzee wa tatu: tutawaambia nini watu waliotuchangisha? Swali hilo linaonyesha kwamba tumefungwa mnyororo ambao kila mmoja anaushika upande wake na kuogopa kuwa wa kwanza kuuachia.

Na haya yote ni kwa ajili ya jambo ambalo serikali yetu imelifanya kuwa jepesi sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya bomani. Inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na inataka mashahidi wasiopungua wawili. Sheria inataka wawili. Kamati inataka mia sita.

Tumesema haya kuhusu ukumbi. Bado hatujalijibu shtaka la kuiga, na lazima tulijibu, kwa sababu lina kichwa na miguu. Ni kweli kwamba Wamarekani wana desturi ya kwenda kuoana na jamaa zao katika hifadhi zao za taifa, wakapiga mahema chini ya miti mikubwa. Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa California, katika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, iliyoanzishwa mwaka 1890. Humo mna mti uitwao General Sherman, wenye urefu wa karibu mita 84 na mzunguko wa karibu mita 31 chini kwenye shina, na umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 2,000. Hata huko harusi huhitaji kibali cha wakuu wa hifadhi, na anayedhani kwamba msitu hauna mwenyewe hurudishwa.

Lakini anayeutaja mti ule kama mali ya Wazungu hajui habari zake. Milima ile ilikuwa makazi ya watu wa asili, wakiwamo Wamono, kabla mtu mwingine yeyote hajaipa jina. Watu wa chama kimoja cha ushirika kilichoitwa Kaweah, waliokwenda kuishi kijamaa milimani humo katika miaka ya 1880, waliuita mti huo huo kwa jina la Karl Marx. Ushirika ulipovunjika, jina la jenerali likashinda. Na barabara ya kwanza ya magari ya farasi kuingia katika msitu ule mkubwa ilikamilishwa mwaka 1903 na askari Weusi, wakiongozwa na Kapteni Charles Young, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani. Hivyo hata huko, harusi inayokwenda kwenye miti mikubwa inapita juu ya jasho la ndugu zetu. Tena miti ile si ya milele. Katika mioto ya 2020 na 2021 maelfu ya ile mikubwa iliteketea, na shina la General Sherman likalazimika kuvikwa karatasi za bati laini ili likingwe na ndimi za moto.

Nasi tunayo yetu. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika umo katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro: mita 81.5, wa jamaa moja na mkangazi. Kwa unene hauukaribii ule wa California, ila kwa urefu umepungukiwa na mita mbili na kitu tu. Ni wanafunzi wangapi wa sekondari wanaoujua? Tumewauliza wachache, nao walitutajia mnara wa Paris.

Wako watetezi wa harusi za namna hii wanaotuudhi vilevile. Hao hudai kwamba wazee wetu walioana msituni, na kwamba kurudi chini ya miti ni kurudi kwenye asili. Tusidanganyane. Harusi ya wazee wetu ilikuwa ya uani na ya boma. Mti mkubwa ulikuwa na kazi nyingine: kesi, kikao, tambiko, kuomba mvua. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, misitu ya kaya ilikuwa maskani yenye maboma na makaburi ya wazee, nayo imetambuliwa tangu 2008 kuwa urithi wa dunia. Upareni kila ukoo ulikuwa na msitu wake wa matambiko usiokatwa. Uchagani mtu akija na jani la isale mkononi kuomba radhi, ni vigumu kumfukuza. Kwa hiyo binti yetu hakurudi mahali pa zamani. Alikwenda mahali papya, akapeleka huko taratibu za zamani, na sisi twaona kwamba taratibu hizo ndizo zenye uzito kuliko mahali.

Basi tueleze kilichotendeka.

Tulikuwa watu 46 na mahema 14, ambayo mengi yaliazimwa. Kambi ilikuwa upande wa Momella. Kibali kiliombwa mapema, na masharti yalisomwa kwa sauti mbele ya wote: hakuna kuokota kuni, hakuna kukata tawi, hakuna vipaza sauti, hakuna kuacha chakula nje, hakuna kutembea mbali bila askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati wa huko hawana mzaha. Mkaa tulikwenda nao wenyewe. Tulichukua mbuzi wanne waliokwisha kuchinjwa, mikungu tisa ya ndizi, mchele, na maziwa ya kutengenezea loshoro. Yule shangazi aliyesema ni harusi ya wakimbizi ndiye aliyelishika jiko, na kufikia jioni ya kwanza hakuna aliyeweza kumwondoa. Mzee aliyesema ni Uzungu alikesha akiwasimulia vijana wa upande wa pili habari za babu zao na za kwetu, zilipokutana na zilipopishana. Ukumbini mzee yule angepewa dakika tatu, na kwenye dakika ya pili mshereheshaji angekwisha kumsogelea. Hapa alikuwa na usiku mzima, na mbega juu ya miti ndio waliomkatiza alfajiri.

Hilo ndilo tunaloliita urithi. Waliotaka kula walipika kwanza. Makungwi walikuwa na muda wa kukaa na binti na kumfunza kwa faragha, nao watoto waliwajua binamu zao kwa majina. Wakwe walionana wakiwa hawajanawa uso, jambo ambalo, tukiri, si la raha sana, ila huondoa kiburi haraka. Gharama yote haikufika theluthi ya makisio yaliyokuwa katika daftari la kamati.

Siku ya pili tulipanda kwa magari kwenye njia ya mlimani hadi kwenye mkuyu mkubwa wenye upenyo katikati, ambao wageni wengi wa hifadhi hiyo wameupiga picha. Upenyo wake unatosha gari kupita. Mkuyu wa aina hii huanza maisha yake kama mgeni. Ndege huangusha mbegu juu ya mti mwingine. Mche huota huko juu, huteremsha mizizi polepole hadi ardhini, mizizi hunenepa na kushikana, na mwisho mwenyeji aliyeubeba hufa akiwa amekumbatiwa. Walimu wa fasihi watatusamehe tukisema kwamba tuliutazama mti ule tukaifikiria keki ya ghorofa tatu.

Lakini aliyetufundisha zaidi mahali pale hakuwa mti. Ni bibi mzaa mama wa bibi harusi. Yeye ni mzaliwa wa Engare Nanyuki, jirani na hifadhi upande wa kaskazini. Mwezi wa Novemba 1951, alipokuwa mtoto wa miaka minane, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Bibi anakumbuka moshi, na anamkumbuka mama yake akirudi kutafuta jiwe la kusagia na kulikuta limepasuka. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kuieleza dunia, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile, ila Tanganyika nzima ilijua kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa. Kila mwanafunzi anayesoma habari za TANU yafaa aanze na moshi ule.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaitwa Arusha baada ya kupanuliwa. Tangu mwaka ule wa 1960 hadi harusi ya mjukuu wake, bibi huyu, aliyekuwa akiiona milima yake kila asubuhi kutoka mlangoni, hakuwahi kuingia ndani hata mara moja. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu, "Mwanangu, nani aliniita? Mimi nilidhani ni ya wageni."

Hapa hatuwezi kuwalaumu Wamarekani, wala kamati, wala keki. Mwalimu Nyerere, katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961, aliahidi dunia kwamba wanyamapori na nyika zao ni dhamana mikononi mwetu kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Dhamana hiyo imetunzwa. Tunaitembelea mikutano na kuipigia makofi. Lakini mjukuu aliyeahidiwa hukaa nje ya uzio akitazama magari ya watalii, huku kiingilio cha mwananchi kikilipwa kwa shilingi zetu na kikiwa kidogo mno mbele ya kile cha mgeni. Kinachomzuia hasa si fedha. Kinachomzuia ni mazoea ya tangu ukoloni, kwamba pori lililotengwa limetengwa dhidi yake. Sisi watumishi wa serikali tumeyalea mazoea hayo kila tulipoandika mabango yanayoanza na neno "Marufuku" kwa Kiswahili na "Karibu" kwa Kiingereza.

Tusieleweke vibaya. Hatutaki hifadhi zigeuzwe kumbi. Tumekwisha kusikia habari za maarusi wanaotaka kutua na wapiga picha ishirini, zulia jekundu na vyombo vya kurusha angani vinavyowatisha ndege, wakakaa saa mbili, wakachonga majina yao kwenye gome, wakaondoka kulala hotelini. Ndugu zao hawamo. Bibi yao hayumo, eti njia ni mbaya. Hao wamebeba ukumbi mabegani wakautua msituni, na askari wa hifadhi akiwarudisha langoni sisi tutamshukuru. Kipimo chetu ni kidogo tu: je, bibi amefika? Kama hakufika, hapajafungwa ndoa ya jamaa, pamepigwa picha.

Wetu alifika. Magari yalipokaribia mkuyu ule, dereva alitaka kupita katikati kama wafanyavyo wageni. Bibi aligonga kioo, akaomba ateremshwe. Askari akatazama huku na huku, akakubali, akatangulia na bunduki yake. Bibi alipita katika upenyo kwa miguu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umemshika bibi harusi, na sote 46 tukafuata nyuma yao kimya, hata watoto. Upande wa pili aligeuka, akamuuliza yule askari kijana ni mtoto wa nani. Alipotajiwa, akamwambia babu yake alikuwa na deni la ndama mmoja kwa kaka yake, tangu kabla ya kuchomwa nyumba. Askari alicheka hadi akaishusha bunduki chini.

Mwezi uliopita tumepokea kadi nyingine ya mchango, ya harusi ya mtoto wa rafiki yetu wa kazini. Kiasi kimekwisha kuandikwa kwa wino mwekundu, na tarehe ya mwisho pia. Tumemrudishia kadi yake kwa barua ya upole. Pamoja na barua tumepeleka gunia la mchele na mbuzi mmoja, na tumemwarifu kwamba siku hiyo tutafika alfajiri, tukiwa na shoka la kupasulia kuni.